Nani aamue watoto wetu wasome nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mtaala na vitabu vya shule Tanzania

Majibu haya yanahusu zaidi shule za serikali za Tanzania Bara. Zanzibar, Kenya na Uganda zinaingia pale zinapotusaidia kuona jambo vizuri. Sehemu nyingine ni sheria ilivyo, nyingine ni maoni yangu, na nadhani utazitofautisha bila shida. Nimefundisha shule ya msingi, kwa hiyo usishangae ukiniona naegemea upande wa mwenye chaki.

Kwa sheria ya leo, nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu mtaala?

Waziri wa Elimu. Kazi ya kubuni na kuandaa mtaala ni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, iliyoundwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1975, lakini TET iko chini ya Wizara, na mtaala hauanzi kutumika mpaka Wizara iridhie. Kamishna wa Elimu ndiye anayetoa nyaraka za elimu zinazofika shuleni, na ithibati ya vitabu, yaani idhini rasmi ya kitabu kutumika shuleni, nayo hutoka kwake. Msingi wa mamlaka hayo ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, pamoja na marekebisho yake.

Ukishuka ngazi moja mambo yanagawanyika. Shule za msingi na sekondari za serikali zinaendeshwa na halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ajira na nidhamu ya mwalimu ina Tume ya Utumishi wa Walimu. Mtihani ni wa Baraza la Mitihani, NECTA. Yaani mtaala unaandikwa na taasisi moja, unaidhinishwa na wizara, unafundishwa na mtumishi wa wizara nyingine, na unapimwa na chombo cha nne. Mzazi anayeuliza "sasa nimlalamikie nani?" hajakosea kuchanganyikiwa.

Mtaala, muhtasari, kiada, ziada: ni vitu tofauti?

Ndiyo. Mtaala ni andiko kubwa linaloeleza malengo, masomo yatakayofundishwa, muda wake na namna ya kupima. Muhtasari unalichukua somo moja na kulipanga darasa kwa darasa, na ndio mwalimu anaoutumia kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Kitabu cha kiada ndicho kinachofuata muhtasari huo mwanzo hadi mwisho. Cha ziada kinaongeza maarifa, mazoezi au hadithi.

Halafu kuna kitu cha tano ambacho hakimo kwenye sera yoyote: makaratasi ya mitihani iliyopita. Ukitaka kujua nini hasa kinafundishwa Kidato cha Nne, weka muhtasari pembeni, nenda duka la vifaa vya shule ukaone mwanafunzi ananunua nini. Mada ambayo haijatoka kwenye mtihani kwa miaka mingi hufundishwa kwa dakika kumi, au inarukwa tu bila hata aibu. Nchi ilijitoa kwenye Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 na kuanzisha NECTA kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, na tangu hapo mtunga mtihani amekuwa na nguvu ambayo watu wengi wanadhani iko kwa mwandishi wa mtaala.

Mbona siku hizi kila somo lina kitabu kimoja tu cha kiada? Sisi tulisoma vingi.

Inategemea ulisoma lini, na hapa inabidi nirudi nyuma kidogo.

Baada ya Uhuru serikali ilitaka vitabu vyake. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Mwalimu Nyerere kutoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Kuanzia hapo hadi miaka ya 1980 vitabu vya shule vilikuwa kazi ya dola: waandishi wa Taasisi, wachapaji wa umma, wasambazaji wa umma. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi. Uchumi ulipoyumba, karatasi na wino vikakosekana, na waliosoma wakati huo wanakumbuka kitabu kimoja kikizunguka dawati hadi dawati huku mwalimu akinakili kifungu kizima ubaoni.

Mwaka 1991 serikali ikageuza sera: uandishi, uchapishaji na usambazaji uachiwe wachapishaji binafsi, Wizara ibaki na mtaala na udhibiti wa ubora. Mradi wa majaribio ukaanza mwaka 1993 kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1999 ikaundwa kamati ya kuidhinisha vifaa vya elimu, iliyojulikana kwa kifupisho cha EMAC. Mchapishaji alipeleka muswada, kamati ikausoma, na kilichopita kilipewa ithibati. Kama una kitabu cha miaka ile, fungua kurasa za mwanzo utaiona hati yenyewe imechapishwa humo, na namba yake.

Kwa hiyo somo moja lilikuwa na vitabu vitatu, vinne, hata zaidi, vyote vimeidhinishwa. Katika ofisi ya walimu ungekuta Hisabati Darasa la Nne za wachapishaji watatu kwenye rafu moja. Kimoja kilianza mada ya sehemu kwa chungwa lililokatwa, kingine kwa mstari wa namba, cha tatu kiliingia moja kwa moja kwenye asili na kiasi, kama vile mtoto amezaliwa anavijua. Mwalimu mzuri alichukua mfano wa hiki na mazoezi ya kile. Mwalimu aliyechoka alichukua kilichokuwa juu. Shida ilikuja mzazi alipohamisha mtoto: shule mpya ilikuwa na kitabu kingine, mpangilio mwingine, na wakati mwingine majibu mengine.

Kisha zikaja fedha ambazo hakuna aliyezitarajia. Kampuni ya BAE Systems ya Uingereza, katika kumaliza kesi ya ununuzi wa rada, ilikubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Wengi tuliziita "chenji ya rada", na zilitumika kununua vitabu vya shule za msingi na madawati. Vitabu vikafika kwa wingi, na kwa sababu vilifika kwa wingi, vikasomwa na watu wengi, makosa yake pamoja.

Mapema mwaka 2013 James Mbatia, mbunge wa kuteuliwa kutoka NCCR-Mageuzi, aliwasilisha hoja binafsi kuhusu udhaifu katika elimu. Mjadala ulifika mahali pa ajabu: Bunge zima likibishana iwapo mtaala wa taifa upo au haupo, na kama upo, uko wapi. Wiki chache baadaye yakatoka matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata Divisheni Sifuri. Hasira ya nchi ilikuwa kubwa, na EMAC ikavunjwa mwaka huohuo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaja na kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo, na kazi ya kukiandika ikapewa TET.

Basi TET walimaliza tatizo la makosa?

Hapana. Mwaka 2017 vitabu vya TET vyenyewe vya madarasa ya chini vilikutwa na makosa ya lugha na ya maudhui, wabunge wakasimama navyo bungeni, na vingine vikaondolewa shuleni. Waziri wakati huo alikuwa Profesa Joyce Ndalichako.

Sisemi hivyo kuwabeza waandishi wa TET. Ukifungua ukurasa wa shukurani katika vitabu vyao vya karibuni utaona waandishi, wahariri, wachoraji na mratibu wametajwa kwa majina, wengi wakitoka vyuo vikuu na vyuo vya ualimu, na vitabu vingi ni vizuri kweli. Lakini mwaka 2017 ulionyesha kwamba makosa hayakuletwa na wingi wa vitabu. Yaliletwa na haraka, na uhariri wa juujuu, na kukosa majaribio darasani kabla ya kuchapa nakala kwa mamia ya maelfu. Kitabu cha mchapishaji binafsi kikiwa kibovu, kinaharibu shule zilizokinunua. Cha taifa kikiwa kibovu, kiko kila shule kuanzia Tandahimba hadi Kyerwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo wewe unapinga kitabu kimoja?

Kitabu kimoja naweza kuishi nacho. Kina faida ambayo wasomi wa mijini huidharau: mtoto wa mkulima anayehama kutoka Kilosa kwenda Chunya katikati ya mwaka anaendelea ukurasa ule ule. Bei nayo inashuka, na uwiano wa kitabu kimoja kwa mwanafunzi mmoja unakuwa jambo la kufikirika. Tena TET wameweka vitabu vyao kwenye maktaba mtandao, na mwalimu mwenye simu anaweza kuvisoma bure. Hilo lisingewezekana kirahisi wakati kila mchapishaji alikuwa analinda mali yake.

Ninachopinga ni mchezaji kuwa refa. Leo taasisi inayoandika mtaala ndiyo inayoandika muhtasari, ndiyo inayoandika kitabu cha kiada, kiongozi cha mwalimu pia ni chake, na mafunzo kazini kuhusu mtaala huo inayaandaa yenyewe. Maswali yakiulizwa, wa kwanza kujibu ni yeye. Anayetoa ithibati ni Kamishna, ndiyo, lakini naye anakaa wizara hiyohiyo na mwandishi. Kamati iliyovunjwa mwaka 2013 ilikuwa na udhaifu mkubwa, na bado ilikuwa na kitu kimoja cha maana: haikuandika vitabu ilivyovipima.

Kwa maoni yangu, serikali ibaki na mtaala. Kitabu kiandikwe na TET, au na yeyote atakayeshinda ushindani wa wazi. Ila wanaokipima wawe watu wengine kabisa, wengi wao walimu walioko darasani sasa hivi, wanaolipwa kwa kazi hiyo na ambao ripoti zao zinachapishwa. Hili la ripoti kuchapishwa nalisisitiza. Ripoti iliyofungiwa kabatini ndiyo iliyotufikisha kwenye mjadala wa iwapo mtaala upo.

Si afadhali wachapishaji binafsi warudishiwe kazi yote?

Walioyaishi yale wanakumbuka mazuri na mabaya. Uandishi ulichangamka, nyumba za uchapishaji za Kitanzania zikakua, waandishi walimu wakapata mrabaha. Upande wa pili, shule zilipopewa ruzuku zinunue zenyewe, mawakala wa vitabu waliijua njia ya ofisi ya mwalimu mkuu kuliko wathibiti ubora (wakaguzi wa shule), na malalamiko ya "asilimia" yalikuwa wimbo wa kila wilaya. Kitabu kilichonunuliwa hakikuwa lazima kiwe bora. Mara nyingi kilikuwa cha aliyefika kwanza, au cha aliyeacha kitu.

Kenya wamejaribu njia ya katikati. Taasisi yao ya ukuzaji mitaala, KICD, inaandaa mtaala na kuvipima vitabu, lakini kuandika ni kwa wachapishaji wanaoshindana, na tangu mwaka 2018 serikali inanunua kwa wingi na kuvipeleka moja kwa moja shuleni bila kupitia mkono wa mwalimu mkuu. Wachapishaji wao wanalalamika kila mwaka kuhusu madeni ya serikali na bei iliyobanwa, na maduka ya vitabu yameumia. Pamoja na hayo, nadhani tunayo ya kujifunza pale. Kwao anayeandika na anayepima ni watu wawili.

Rais au waziri anaweza kuongeza somo kwa agizo tu?

Imeshatokea. Desemba 2020 Rais John Magufuli aliagiza Historia ya Tanzania ifundishwe kama somo linalojitegemea, na Wizara na TET wakaanza kuandaa muhtasari mara moja. Leo mtaala mpya una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hoja ya msingi ilikuwa na uzito: watoto walikuwa wanayajua mapinduzi ya Ufaransa vizuri kuliko Vita vya Majimaji. Ila somo haliingii kwenye ratiba bila kusukuma kitu kingine nje, na nani aamue kipi kisukumwe ni swali ambalo agizo la siku moja halina nafasi ya kulijibu.

Wenye umri wangu watamkumbuka pia waziri Joseph Mungai, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na uamuzi wa kuunganisha Fizikia na Kemia kuwa somo moja. Haukudumu. Walimu wa Fizikia walifundisha Fizikia, wa Kemia wakafundisha Kemia, na waliobaki katikati ni wanafunzi waliopangiwa somo ambalo mwalimu wao hakuandaliwa kulifundisha.

Linganisha na mtaala wa sasa. Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alilieleza Bunge kwamba elimu itapitiwa upya. Maoni yakakusanywa, rasimu za sera na mitaala zikawekwa hadharani, na Mei 2023 pakawa na kongamano la kitaifa Dodoma ambako watu walizisoma na kuzipinga waziwazi. Utekelezaji ukaanza Januari 2024 kwa Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, na baadhi ya shule za sekondari katika mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Elimu ya lazima inakuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Unaweza kuupinga mtaala huu kwa sababu nyingi (mimi nina wasiwasi na mwaka 2027, ambapo Darasa la Sita na la Saba watamaliza pamoja na kugonga mlango wa Kidato cha Kwanza kwa wakati mmoja), lakini huwezi kusema ulishtukizwa.

Bunge lingepewa mamlaka hayo, isingekuwa demokrasia zaidi?

Tazama Uganda. Februari 2020 Bunge lao lilipitisha azimio la kusitisha mtaala mpya wa sekondari ya chini, kwa hoja kwamba walimu hawajaandaliwa na vitabu havipo. Wizara ikaendelea nao. Watoto wakaanza mwaka wa masomo hawajui wako kwenye mtaala upi.

Bunge liulize maswali, liidhinishe bajeti, liwaite wakuu wa TET wajieleze. Kuamua kama sehemu zianze Darasa la Tatu au la Nne si kazi ya kupiga kura ya ndiyo na siyo.

Na Zanzibar?

Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, sera yake, na Taasisi ya Elimu Zanzibar inayoandaa mitaala. Lakini Baraza la Mitihani la Tanzania ni jambo la Muungano, na elimu ya juu pia. Kwa hiyo kijana wa Wete au Makunduchi anasoma chini ya wizara ya Zanzibar, kisha anafanya mtihani wa Kidato cha Nne wa NECTA. Unaona tena nilichokisema juu kuhusu mtihani: hata mahali ambapo Katiba imewapa watu mamlaka ya mtaala, karatasi ya mwisho inawavuta kurudi kwa mtunga mtihani.

Wazazi wana nafasi gani?

Kwenye maandishi, ndogo. Shule ya msingi ina kamati ya shule, sekondari ina bodi, na vyombo hivyo vinashughulika na majengo, chakula, nidhamu na mpango wa shule. Mtaala hauko mezani kwao. Hata fedha za vitabu haziwapitii zote: katika ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na kwa sekondari nusu ya 25,000 hubaki vilevile. Hakuna mzazi wa kijijini aliyewahi kuulizwa zile 4,000 zimenunua nini.

Kwenye vitendo, wazazi wana sauti pale jambo linapohusu maadili. Februari 2023 Waziri Adolf Mkenda alipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni kwa maelezo kwamba vinakiuka mila na maadili ya Kitanzania. Vingi vilikuwa vitabu vya ziada kutoka nje, vya Kiingereza, vilivyokuwa kwenye maktaba za shule za binafsi, ukiwemo mfululizo maarufu wa Kimarekani wa hadithi za katuni ambao watoto walikuwa wanaazimana. Picha za kurasa zilikuwa zimezunguka WhatsApp kabla ya hapo.

Serikali kuwa na haki ya kukitoa kitabu shuleni sina ubishi nayo. Ninachotaka ni utaratibu: nani alikisoma chote, alikuta nini ukurasa gani, na mchapishaji alipewa muda wa kujibu au la. Ukurasa mmoja uliopigwa picha kwa simu hauwezi kuwa ndio tathmini. Na mzazi anayekerwa na kitabu cha katuni namwomba akifungue na kitabu cha kiada cha mtoto wake, akihesabu ni mazoezi mangapi yamesahihishwa tangu muhula uanze. Huko ndiko wengi wetu hatuendi.

Viongozi wa dini nao?

Wana nafasi yao, na ina historia. Kabla ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi zilikuwa za misheni. Serikali ilizitaifisha ili mtoto asikose darasa kwa sababu ya dini yake. Kilichobaki ni vipindi vya dini, ambavyo maudhui yake yanaandaliwa na taasisi za dini zenyewe na walimu wao huingia darasani kwa ratiba. Naona ni mpaka mzuri: dini ifundishwe na wenye dini, Hisabati na Historia zibaki kwa wote.

Ugomvi hubaki kwenye afya ya uzazi. Hapo kila kiongozi ana la kusema, na TET huishia kuandika kwa tahadhari sana hadi mwalimu wa kike wa Darasa la Sita ndiye anayelibeba jambo lote peke yake, chini ya mwembe, wavulana wakiwa wametolewa nje.

Wafadhili wanaamua mtaala wetu?

Wanaamua kidogo kuliko mitandao inavyodai, na zaidi ya serikali inavyokiri. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wa mwaka 2015 kwa madarasa mawili ya kwanza ulisaidiwa na mpango wa LANES, uliolipiwa na fedha za kimataifa. KKK ilikuwa hitaji letu halisi. Lakini fedha huja na ratiba ya mwenye fedha, na haraka niliyoitaja kwenye makosa ya vitabu ina asili yake hapo pia.

Shule za binafsi zinaruhusiwa kuchagua mtaala?

Iliyosajiliwa kwa mtaala wa taifa inafuata mtaala wa TET, hata kama lugha ya kufundishia ni Kiingereza tangu chekechea. Shule za kimataifa hutumia mitaala ya nje kwa kibali. Kinachofanyika darasani kwenye baadhi ya hizo za kwanza ni jambo jingine: vitabu viwili, kimoja cha mthibiti ubora akija, kingine cha kufundishia.

Mwalimu yeye anaamua nini?

Ningetaka jibu liwe refu kuliko lilivyo. Mtaala ulibadilishwa mwaka 2005 kutoka kukariri maudhui kwenda kujenga umahiri, na walimu wengi waliusikia kupitia muhtasari mpya uliofika kwenye bahasha. Waliambiwa wafundishe kwa vikundi, kwa vitendo, kwa majadiliano, na chumba kikiwa na wanafunzi zaidi ya 80 na madawati yaliyobanana hadi ukuta wa nyuma. Miaka michache baadaye wakalaumiwa kwamba wanafundisha kwa mazoea.

Jaribu kuwaza kamati ya kupima kitabu cha Darasa la Tatu yenye walimu wa Darasa la Tatu. Mwalimu wa namna hiyo angekwambia ndani ya saa moja kwamba zoezi la ukurasa wa tano linahitaji rula na nusu ya darasa haina. Kwamba sentensi ya maneno kumi na tano ni ndefu kwa mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kisukuma. Kwamba picha ya lifti haina maana kwa mtoto ambaye hajaona ghorofa. Haya hayaonekani ukiwa kwenye ukumbi wa hoteli Morogoro, hata uwe na shahada ngapi. TET huwaita walimu, ni kweli, lakini mara nyingi wanaitwa wachache, siku chache, kusikiliza rasimu iliyokwisha kuiva.

Mwalimu apewe pia uhuru mdogo wa kisheria: sehemu ya vipindi, hata moja ya kumi, ajaze yeye na shule yake kwa mambo ya mahali pao. Ziwa kwa walio ziwani, mwani kwa walio Bwejuu na Paje, mifugo kwa Longido.

Nimekuta kosa kwenye kitabu cha mtoto wangu. Nimwambie nani?

Anza na mwalimu wa somo, kwa sababu huenda ameshaliona na ameshalisahihisha ubaoni. Kama ni kosa kweli, mpe mwalimu mkuu maandishi na nakala moja ipeleke kwa Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule wa wilaya. Kisha waandikie TET wenyewe. Anwani yao iko kwenye kurasa za mwanzo za kila kitabu, pamoja na mwaliko wa kutoa maoni.

Andika jina la kitabu, darasa, mwaka na toleo, namba ya ISBN, ukurasa na mstari. Nakili sentensi ilivyo, chini yake andika unavyoona iwe, na sababu kwa sentensi moja. Usichanganye kosa la chapa na jambo usilokubaliana nalo. Hayo ya pili yaandikie barua yake. Ukipiga picha, ipigwe kurasa mbili zikiwa wazi ili muktadha uonekane. Weka nakala yako, na toleo jipya likitoka, nenda maktaba mtandao ya TET ulinganishe ukurasa ule ule. Kama kosa bado lipo, tuma tena barua ileile ukiwa umebadilisha tarehe tu, na safari hii nakala mpe mbunge wako kabla ya Bunge la bajeti.